Naomba foliki asidi kabla ya mimba, naambiwa "rudi ukishika mimba"

Wakuu habari zenu. Nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Uvimbe laini juu ya kiuno kama nyanya mbivu, ngozi nyembamba mpaka unaona maji ndani. Nilimlaza kifudifudi mapajani safari nzima hadi hospitali ya rufaa, kila tuta la barabarani moyo unaruka. Kafanyiwa upasuaji wa mgongo, baadaye kawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Yu hai, namshukuru Mungu, ila miguu haina nguvu.

Sasa tunataka wa pili. Juzi nimeenda zahanati kuomba vidonge vya foliki asidi, vitamini inayosaidia kuzuia mgongo wazi, na kadi ya mtoto mkononi. Nesi hata hakuifungua. "Dada, hivyo ni vya wajawazito. Rudi ukishika mimba."

Jamani! Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Ile ya kwanza nilianza kliniki ina miezi minne, nikapewa vidonge vya damu, nikavimeza vyote bila kuruka siku. Mgongo wa mwanangu ulishabaki wazi zamani.

Na hili linajulikana. Mwaka 1991 yalitoka majibu ya utafiti wa vituo 33 katika nchi 7: kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto kama wangu, foliki asidi ikianza kabla ya mimba inapunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sisi tukiwemo, zilipitisha azimio Geneva la kuongeza virutubisho kwenye vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Sawa, lakini huku kwetu tunasaga mahindi mashine ya mtaani. Nani anaweka hicho kirutubisho pale?

Mashirika na wizara wanaokaa vikao hivyo wakubaliane jambo moja: vidonge vimfikie mwanamke kabla hajashika mimba. Wengine mikrogramu 400 kwa siku zinawatosha, sisi tuliokwisha kuumia dozi yetu ni kubwa zaidi na lazima iandikwe na daktari. Mwanamke akija kutoa kijiti cha uzazi wa mpango, apewe hapo hapo.

Mimi kijiti nilitolewa zahanati hiyo hiyo wiki mbili kabla, na nesi huyo huyo. Kwenye daftari, pa sababu, aliandika kwa mkono wake: "Anataka mtoto."