Kupita Namanga kwa basi kwenda kazini Nairobi: muhuri, siku na kibali

Kijana wa Moshono
Habari wakuu. Mtanzania ana pasipoti na mkataba wa ajira wa mwaka mmoja Nairobi, anapita Namanga kwa basi. Naambiwa raia wa Afrika Mashariki hupewa miezi sita bure, hivyo aingie tu aanze kazi. Ni sahihi? Na muhuri wa kutoka Tanzania anagongewa wapi, maana basi linapitiliza jengo la upande wetu?

Mdau wa Mpakani
Mkuu, basi kupitiliza ndiyo utaratibu wenyewe. Namanga ni kituo cha huduma za pamoja, kilizinduliwa 2018. Anayekwenda Kenya anashukia jengo la upande wa Kenya, na maofisa wa nchi zote mbili wamo humo. Aanzie kwa Tanzania agongewe muhuri wa kutoka, kisha ahamie kwa Kenya agongewe wa kuingia. Wakati wa kurudi anashukia jengo la Tanzania na kuanza na ofisa wa Kenya.

Wengi huharibu hapo: wanafuata foleni fupi na kuruka dirisha moja. Mbaya zaidi ni anayebaki amelala kwenye basi la usiku hadi linavuka. Huyo hana muhuri wowote, na akikaguliwa mbele hana cha kuonyesha aliingia lini na kwa njia gani. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamweka kwenye faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kabla ya kuondoka dirishani afungue ukurasa asome tarehe, jina la kituo na idadi ya siku. Miezi sita ni ukomo wa juu. Ukimwambia ofisa "naenda mara moja tu", usishangae akiandika muda mfupi. Zikipungua, siku huongezwa katika ofisi ya uhamiaji kabla hazijaisha.

Karani wa Vibali
Naongezea kwenye kazi, maana ndiko watu wanakoumia. Miezi sita ile ni pasi ya mgeni: kutembea, kutibiwa, kusalimia ndugu. Haikuruhusu kuajiriwa.

Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Afrika Mashariki yaliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ina kanuni zake za wafanyakazi. Mkataba ukizidi siku 90, kibali cha kazi kinaombwa ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike, na mamlaka ina siku 30 za kukitoa. Kazi isiyozidi siku 90 huombewa pasi maalumu. Angalia hizo siku 15 zinaanzia wapi: ni kwenye mkataba, wala si siku uliyovuka mpaka. Mwajiri anayekwambia "anza, karatasi zitafuata" anakuacha wewe ndiye unayekamatwa, kwa hiyo mdai nakala ya maombi yaliyopokelewa kabla ya kuripoti kazini.

Kijana wa Moshono
Nashukuru sana wakuu. Mwenzake ana kitambulisho cha NIDA tu, atavuka?

Mdau wa Mpakani
Hapana. Kuvuka kwa kitambulisho cha taifa kulianza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuwemo. Achukue pasipoti au hati ya dharura ya safari katika ofisi ya uhamiaji ya mkoa wake kabla ya kukata tiketi.

Wote wawili wawe na cheti cha homa ya manjano. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, hivyo ya jana haimfai msafiri wa leo. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10, asilipe tena. Na wale vishoka wa stendi wanaouza kadi bila sindano awapite: kadi ni ya kughushi na kinga hana.