Mbwa mkondefu mwenye homa ya kupe: namna ya kumlea hadi apate kwake

Mkia Mrefu:
Wakuu, kesho napokea mbwa jike aliyeokolewa, nimlee mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja. Ana kilo 10, mbavu zinahesabika, na vipimo vimeonyesha homa ya kupe (erlikia). Kaandikiwa dawa ya doksisiklini. Nyumbani nina mbwa mwingine na paka. Nimlishe kiasi gani, na nianze lini kumtafutia mwenyewe?

Sindano:
Anza na chakula, hapo ndipo huruma inapoua. Mwili uliozoea njaa ukijazwa wanga, insulini inapanda ghafla na kuvuta fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Mbwa aliyefagia bakuli jana, kati ya siku ya pili na ya tano analegea, anapumua kwa shida, mapigo ya moyo yanavurugika.

Hesabu ni kilo mara 30, jumlisha 70. Wa kwako ni kalori 370 kwa siku, hapo kalala tu. Siku ya kwanza mpe robo yake, kama 90, uigawe milo sita. Ni kidogo kuliko unavyodhani: yai moja la kuchemsha lina kalori 70 hivi! Asipotapika wala kuharisha, ongeza robo nyingine kila baada ya siku moja au mbili. Protini na mafuta viwe vingi, wanga kidogo. Muulize daktari kuhusu vitamini B1 na kupima fosforasi na potasiamu siku hizo za mwanzo.

Kucha Nne:
Naongezea upande wa dawa. Dozi ya kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani 100 kwake, kwa siku 28. Siku ya tatu atachangamka, na wengi huachia hapo. Usithubutu. Mpe pamoja na chakula, kisha msukumie maji kidogo kwa bomba la sindano, maana kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Maziwa hapana, kalsiamu inaikamata dawa.

Kila asubuhi mfunue mdomo. Vidoti vyekundu kwenye ufizi au tumboni, kama vya kuchomwa na pini, visivyofifia ukivibonyeza, ni damu inayovuja chini ya ngozi. Hapo ni kwa daktari siku hiyohiyo, na usimpe aspirini wala ibuprofeni. Ufizi ukiwa mweupe na mkojo wa rangi ya kahawa, waombe wapime babesia, ugonjwa mwingine wa kupe unaoshambulia damu, doksisiklini haiuwezi.

Mbwa wako haambukizwi kwa kulambana, anaambukizwa na kupe, na kupe huingiza vijidudu ndani ya saa chache tu. Kuwabandua jioni hakutoshi, mbwa wote wawili wapate dawa ya kukinga kupe siku moja. Usipake yenye permethrini, inaua paka. Watenge siku 14 hata hivyo, kwa ajili ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoambukizana kati ya mbwa.

Mkia Mrefu:
Nimeelewa. Kwa hiyo baada ya siku 28 napima tena, ikisoma hasi natangaza?

Kibanda cha Nyuma:
Hapo utasubiri sana. Kile kipimo cha haraka kinasoma kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, nazo hubaki miezi, hata miaka, baada ya mbwa kupona. Angalia chembe sahani, zile za kugandisha damu. Rudia hesabu wiki nne hivi baada ya dawa kuisha. Zikigoma kupanda, huenda uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, umeathirika. Hata huyo anapata kwake, ila mchukuaji aambiwe mapema. Kufunga kizazi nako kusubiri zipande.

Tangazo weka hata sasa, kukabidhi ndiko kungoje. Kwenye faili andika wazi: "kingamwili chanya, ametibiwa," pamoja na tarehe za dozi na majibu yote ya damu. La sivyo daktari wao atapima upya na watu watadhani wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mpe mchukuaji majaribio ya wiki mbili, muandikiane nani analipia kipimo kijacho, na kwamba wakishindwa mbwa anarudi kwako, si kwa jirani. Mfungashie mbwa na chakula alichozoea cha siku saba.

Anayeahidi kumpenda sana usimalizane naye haraka. Muulize mbwa aliye naye alipewa kinga ya kupe tarehe ngapi.