MREJESHO: Gari iliyokuwa inamisi na kutetemeka

Wakuu habari, ni yule niliyeuliza kuhusu gari kutetemeka ikiwa imesimama na kukosa nguvu mlimani. Asanteni sana, hasa aliyesema nihamishe koili (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya 3 niiweke ya 1 nione kama misi, yani silinda kutochoma mafuta vizuri, itahama, na kweli ikahama, kumbe koili ndo imekufa, nimefunga mpya gari imetulia kabisa, yani furaha niliyonayo kwa kazi ya mikono yangu ni kubwa mno.

Ila shimo la plagi lilikuwa na oili. Ukikuta hivyo usiishie kwenye koili, badilisha na gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), maana oili inavujia hapo. Mimi nimebadilisha, masaa 4 nahangaika na bolti moja iliyogoma, na bado inavuja kidogo konani nilikosahau kupaka silikoni. Wikiendi naifungua tena.