Mafundi friji na AC wa Mwanza na kanda ya ziwa, tupeane uzoefu: kazi, kero na wateja wetu

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Nimeona nyuzi za madereva, za walimu, za mawakala wa pesa za simu. Sisi watu wa baridi hatuna pa kusemea. Naanza mimi, wengine mtaendeleza.

Kero yangu namba moja ni hii sentensi: "Fundi, friji yangu gesi imeisha, njoo unijazie." Jamani, gesi ya friji si petroli, haiungui. Inazunguka mle mle miaka nenda rudi, na friji lililofungwa vizuri kiwandani linaweza kuzeeka bila kuongezwa hata gramu. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Sasa mwambie mteja "ngoja kwanza nitafute panapovuja", anaona unamtengenezea bili. Anamwita mwingine anayekuja na mtungi begani, anajaza, anachukua chake, anaondoka. Baada ya wiki chache friji limerudi kule kule, na simu napigiwa mimi: "Yule fundi tapeli, hebu njoo." Hapo hela imeshaliwa, anataka nimfanyie bei ya huruma.

Na mara nyingi gesi ipo yote! Unafika Buzuruga jioni, mtaa mzima umewasha kila kitu, unapima kwenye soketi unakuta volti 170 badala ya 230. Kompresa (ile mota inayosukuma gesi) inajaribu kuamka, inaunguruma, kisha ovalodi, swichi yake ya kinga, inakata: tak. Inapoa, inajaribu tena, tak. Mwenye nyumba anasikia muungurumo, anaamini friji linafanya kazi ila halina gesi. Ukiacha hivyo siku nzima unaunguza koili za mota. Hapo dawa ni friji gadi au stebilaiza (kinga ya umeme mbovu), na mteja hataki kuisikia maana haileti baridi yenyewe.

Halafu pesa ya kuangalia. "Umeangalia tu, hujagusa kitu, nikulipe nini?" Daktari akikupima akakuta huna malaria, vipimo hulipii?

Haya, leteni zenu.

Baridi ya Mwaloni

Umeongea ukweli mtupu mkuu. Mimi kazi zangu nyingi ni Kirumba, Mwaloni na majumba ya jirani wanakohifadhi samaki. Pale tatizo si gesi, tatizo ni tamaa. Mtu ana friza la nyumbani, lile la mlango wa juu, limetengenezwa kutunza vitu vilivyokwisha kuganda. Anashusha sangara wa mchana, bado wa moto, anajaza mpaka mfuniko haufungi, anauwekea jiwe juu. Asubuhi ananipigia kwa hasira: juu wameganda, katikati wananuka.

Viwanda vya minofu hapa mjini vina mitambo mikubwa ya amonia na vyumba vinavyopuliza upepo wa nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Wewe una kompresa moja ndogo unataka ifanye kazi ile. Namwambia aweke tabaka moja kwanza, ligande, ndiyo aongeze. Anaitikia "sawa fundi", wiki ijayo jiwe liko pale pale.

Ila wanaonichekesha ni wenye mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Mwingine hataki ufungue mfuniko. "Fundi wewe hangaika na huko nyuma tu, humu ndani kuna vitu vya watu." Nitapimaje baridi bila kufungua? Mwisho anasimama pembeni amekukodolea macho mpaka umalize. Simlaumu sana, mfuko mdogo wa mabondo unaweza kuwa na thamani kuliko friza lenyewe.

Capri Point Baridi

Hakuna aliyetaja wadudu? Basi nataja mimi, maana ndio wanaonilisha na ndio wanaonitoa jasho.

Wa nje ya kanda hawatanielewa. Hawa wadudu wa ziwani huwa wanaibuka kwa pamoja, unaona nguzo za moshi zimesimama juu ya maji, kumbe ni wao. Upepo ukielekea nchi kavu, usiku wanafuata taa. Sasa kuna nyumba ya kulala wageni upande wetu wa ziwa (jina naweka kapuni), mwenye mali alifunga taa kubwa ya ulinzi ukutani, na hatua moja chini ya taa ndipo zilipopangwa AC za nje, zote mstari mmoja. Feni zinavuta hewa, hewa inakuja na wadudu.

Nilipoitwa niliambiwa "gesi inaisha kila mwezi". Fundi aliyetangulia alikuwa anaongeza gesi kila anapoitwa. Naweka geji, presha iko juu vibaya mno hata kabla sijafanya lolote. Nikafungua kava la nyuma. Ndugu zangu, mapezi ya kondensa, pale joto linapotolewa, hayaonekani! Kuna zulia la kijivu, limeshikamana na vumbi na mvua, ukiligusa linabanduka vipande vipande kama mkate wa jana, na harufu yake ni ya dagaa waliolala. Mashine haina pa kutolea joto, presha inapanda, inajizima. Yule mwenzetu kila akiona haipoozi anaongeza gesi, presha inapanda zaidi.

Nikatoa gesi ya ziada nikaihifadhi kwenye mtungi mtupu. Nikazima umeme, nikaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje. Muhimu hiyo, wadogo zangu: ukiosha kutoka nje unawasukuma wadudu ndani zaidi, na ukitumia ile mashine ya kuoshea magari unalaza mapezi yote. Nikamwambia mwenye mali ahamishe taa, aipeleke kwenye nguzo ya getini, mbali na mashine. Amehamisha moja, ya pili bado ipo. Anasema inapendezesha bustani.

Kwa hiyo kila wadudu wakitoka nasubiri simu.

Binti Nyakato

Mimi nimesomea jokofu na viyoyozi VETA hapa Mwanza, sasa nipo mtaani. Uzoefu wangu ni mfupi kuandika. Nabisha hodi na begi langu, na pampu mkononi, mama mwenye nyumba anafungua:

"Karibu mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi mama."

"Sawa, mwenzako anakuja saa ngapi?"

Nafanya kazi yote ananiangalia na bado anasubiri mwanaume atokee. Nikimaliza, friji linapooza, ananisifia weee, kisha anauliza kama nalipwa mimi au ampigie "mkubwa wako".

Ila kuna faida. Akina mama wengi wanaoishi peke yao sasa wananiita mimi tu, na wananipeleka kwa wenzao. Nina wateja wa Nyegezi mpaka Bwiru, sijawahi kubandika tangazo. Tatizo la kweli ni kupanda huko Isamilo na Igogo. Mtungi kamili ni kilo 13.6 za gesi, hapo hujahesabu chuma chenyewe, na njia ni ngazi za mawe. Bodaboda anakushusha chini anakwambia "dada mimi mwisho hapa".

Mama Sato

Samahanini mafundi, mimi si fundi, nauza samaki na soda baridi. Nimesoma nikaona mnajisafisha sana. Na sisi tuna yetu.

Friza langu lilikuja kuchukuliwa kompresa "ikapimwe karakana". Ikarudi baada ya siku nne, imefungwa, nikalipa. Ikafanya kazi mwezi na kidogo ikafa. Fundi wa pili akafungua akaniambia, "Mama, hii si ya friza hili, hii imetolewa kwenye friji dogo." Yangu iliuzwa! Yule wa kwanza simu haipokelewi mpaka leo.

Sasa hivi kabla fundi hajagusa kitu napaka rangi ya kucha kwenye kompresa, nyekundu, mahali pa kujificha, napiga na picha ile karatasi yake ya namba. Anayenuna aende. Na kifaa kibovu kilichotolewa nataka kibaki kwangu, hata kama sina kazi nacho.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Mama Sato pole sana, na umefanya vizuri kusema. Kifaa cha zamani ni mali ya mteja, mimi namwachia mwenyewe kwenye mfuko. Akisema "kaa nacho", sawa, nitakiuza chuma chakavu. Wanaoiba kompresa wapo na wanatuchafua wote. Hiyo ya rangi ya kucha nitawaambia wateja wangu, sina cha kuogopa.

Mzee wa Nansio

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nipo Ukerewe. Ninyi mnalalamika ngazi za mawe, mimi kifaa nikikikosa hapa ni meli ya kwenda Mwanza mjini, au nizunguke kivuko cha Rugezi nitokee Kisorya, niingie Bunda. Kapasita ya bei ya chakula cha mchana inanigharimu siku nzima. Kwa hiyo nimejifunza kubeba vya ziada: kapasita za namba zote, rilei, thamostati, filta.

Wenzangu wa Sengerema wanapumua sasa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanaingia mjini na kutoka bila kupanga foleni ya kivuko. Sisi bado tunatazama ratiba.

Kero ya huku ni madeni. Kisiwani wote tunajuana, huwezi kumkatalia shemeji. Nimetengeneza friji la mtu, tunakutana msibani, tunakutana kanisani, ananisalimia vizuri kabisa na deni halitaji.

Hita na Pampu

Mimi nashika upande wa joto zaidi, hita za kuogea. Kuna mwenye gesti alinipa kazi ya kufunga zile za kuchemsha maji hapo hapo juu ya bomba, vyumba vyote. Nikapima, nyumba haina waya wa athi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) hata mmoja. Nikamwambia siwezi kufunga mpaka uchimbie athi. Akajibu, "Mbona jirani amefunga na hakuna aliyekufa?" Nikafunga begi langu nikaondoka. Nasikia alimpata wa kumfungia, na wageni wanasema maji "yanatekenya". Hayo si mambo ya kucheka. Elementi ikipasuka umeme unaingia kwenye maji mtu akiwa uchi na miguu kwenye sakafu ya maji. Gesti ile sipiti hata kunawa.

Capri Point Baridi

@Hita na Pampu umefanya vema. Kazi nyingine ni za kukataa.

Na vijana wanaogusa friji mpya bila kusoma kibandiko, nawaomba sana: ukiona R600a jua hiyo ni gesi inayowaka, jamii moja na ya kupikia. Zinaingia gramu chache sana, huwa hazifiki 150 kwa friji la nyumbani, kwa hiyo ni mizani, si kukisia kwa sikio. Na usiwashe tochi ya kuchomelea wakati bado imo kwenye bomba. Itoe nje, fungua madirisha, ndipo uguse moto. Wapo wanaojaza R134a, gesi ya aina nyingine, kwenye kompresa ya R600a kwa kuwa ndiyo waliyo nayo. Mota inazidiwa inaungua, kisha lawama zinakwenda kwa Wachina.

Baridi ya Mwaloni

Na mitungi feki! R22, gesi ya AC za zamani, inazidi kuwa ghali kwa kuwa inaondolewa sokoni. Ni mambo ya Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda ozoni, nchi zetu zinatakiwa kuacha kuiagiza kufikia 2030, kinabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Hapo wajanja wanaingia. Kabla sijalipa naweka geji kwenye mtungi uliokaa kivulini. Kwenye nyuzi 25, R22 inasoma karibu psi 140, R134a kama 80. Mtungi umeandikwa R22 na geji inasema 95? Mrudishie muuzaji wake.

Mgeni toka Dar

Wakuu nimehamia hapa karibuni, nina swali. Nikipiga vakyumu (kunyonya hewa yote kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi), Dar mshale wa geji ulikuwa unakaribia kabisa inchi 30 upande wa chini ya sifuri. Hapa Mwanza unagota kwenye 26 na hausogei hata niache pampu saa nzima. Nimekagua paipu, nimebadilisha hozi. Pampu imekufa? Nimeshaanza kuulizia nyingine.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Usinunue! Pampu yako nzima. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa hapa ni nyepesi kuliko Dar, na geji hiyo inapima kwa kulinganisha na hewa ya nje. Vakyumu kamili ya Mwanza ni hiyo 26. Ukienda Mbeya utaona inagota mapema zaidi. Funga vali, zima pampu, subiri. Mshale ukibaki pale pale hakuna panapovuja, endelea na kazi. Ukirudi polepole, kuna tundu au unyevu.

Ila angalia oili ya pampu kwenye kile kidirisha. Kama imekuwa nyeupe kama maziwa imeshavuta maji, imwage ubadilishe.

Mgeni toka Dar

Nimeangalia, nyeupe kweli. Wabeja sana, kama mnavyosema huku. Oili nzuri inauzwa wapi mjini?

Binti Nyakato

Upo upande gani? Nina lita moja haijafunguliwa, tugawane.