Hilux 3L imetoka ovahoo (injini imefunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa), moshi mweupe na haina nguvu. Naombeni ushauri kabla sijashusha injini tena

Msafirishaji Buhongwa

Habari zenu wakuu. Nina Hilux ya zamani, injini 3L, dizeli isiyo na tabo. Ndiyo inayolisha nyumba yangu: alfajiri napakia dagaa Mwaloni Kirumba, napeleka Magu na Lamadi. Ilikuwa inakula oili na kupumua sana kwenye mdomo wa oili, nikaamua kuifungua hapa hapa nyumbani nikisaidiana na mdogo wangu aliyesomea ufundi VETA. Bloku na hedi tulipeleka kwa watu wa mashine, hedi ikasawazishwa, silinda zikapigwa honi (kuta zake zikasuguliwa upya). Tumeweka ringi mpya, beringi zote, gasketi ya hedi, sili na mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti na pampu ya dizeli kwenda sawa na krenki.

Sasa asubuhi naizungusha mpaka betri inaanza kulegea ndipo ishike. Ikishika inatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho, na kuna mgongo mkavu, yaani mlio wa kugonga, unaosikika kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta). Ikipata moto moshi unapungua ila hauishi. Vilima nilivyokuwa napanda na gia ya tatu nikiwa na mzigo, sasa nashuka mpaka ya kwanza. Maji ya rejeta hayapungui, oili haijageuka rangi. Jirani yangu mwenye gereji anasema ringi zimekataa, nishushe upya. Mwingine anasema niiache ingurume uani kutwa nzima ili izoee. Hela ya seti nyingine sina. Nianzie wapi?

Mzee wa Kisesa

Pole sana mkuu. Hita plagi, zile zinazopasha moto ndani ya injini ili iwake ikiwa baridi, umezipima? Chukua taa ya kupimia, shika moja moja.

Dereva Makete

Hita plagi zipimwe, ni kazi ndogo. Lakini mimi niko huku kwenye baridi yenyewe, na 3L nzima inawaka hata plagi moja ikiwa imekufa, inatetemeka kidogo tu kisha inakaa sawa. Kwa joto la Mwanza, gari kuzungushwa hadi betri ichoke kuna jambo kubwa zaidi. Na plagi haziwezi kukunyima nguvu mlimani wakati injini imeshapata moto.

Fundi Pampu Nyakato

Mkuu usishushe injini. Usinunue kitu chochote kwanza, pima.

Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli inayotoka bila kuungua. Ungekuwa wa maji ungenukia utamu wa kulanti, rejeta ingepungua na ungeona mapovu ukifungua kifuniko injini ikiwa ya baridi. Wewe hayo huna. Kwa hiyo ama dizeli inaingia kwa kuchelewa, ama hewa ndani ya silinda haibanwi vya kutosha kupata moto wa kuiunguza.

Kompresheni, yaani huo mbano wa hewa, ipimwe na geji ya dizeli. Ya petroli usijaribu, utaiua. Inafungwa kwenye tundu la hita plagi, injini ikiwa imepata moto. Kwa 3L, nzima inafika kilo 32 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kukubalika ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, uliza habari ya gasketi. Gasketi za hedi za injini hii zina unene tofauti, alama yake ni vile vipengo vilivyokatwa pembeni, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Muuza duka akikupa nene kuliko inayotakiwa, kompresheni inashuka hata kama ringi ni mpya.

Pampu sasa. Fungua kava ya mkanda, zungusha krenki kwa spana mpaka alama yake ikae, halafu angalia alama ya kamshafti na ya puli ya pampu. Zungusha tena raundi mbili kamili, uangalie upya. Wengi huangalia mara moja tu, na mkanda unahama jino pale kirola kinapoachiwa kuuvuta. Pampu ikibaki nyuma jino moja unapata hayo hayo: kuwaka kwa shida, moshi mweupe, nguvu hakuna.

Ila kuna kitu hakinikai. Pampu ikichelewa, sauti ya injini huwa inalainika. Huo mgongo mkavu unatoka kwingine. Nahisi nozo, ile inayomwaga dizeli kwenye silinda. Injini ikiwa kwenye sailensa, legeza nati ya bomba la nozo moja, usikie, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza ukasikia mgongo umepotea, silinda ni hiyo. Vaa miwani na weka mkono mbali, dizeli ya presha inatoboa ngozi.

Na hiyo ya kungurumisha kutwa uani, achana nayo kabisa. Ringi mpya zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae. Ukiiacha kwenye sailensa masaa mengi kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo, halafu ndipo ringi zitakataa kweli.

Mama Spea Igoma

Naongezea, cheki pia kama inavuta upepo. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani pale kwenye njia ya dizeli inayorudi tangi. Ukiona mapovu, kaza njia nzima kuanzia kwenye filta. Bei ya geji ya kompresheni ni kubwa, kodi kwa fundi wa pampu.

Msafirishaji Buhongwa

Wakuu, Mungu awabariki. Mapovu hakuna, hita plagi zote nzima. Nimekodi geji: 27, 26, 27, 26. Alama ya krenki na kamshafti zimekaa, ya pampu ilikuwa nyuma jino moja. Tumerudisha, tukazungusha raundi mbili, zote zimekubali. Sasa asubuhi inashika bila kuhangaika na moshi mweupe ni ule wa mara moja tu. Nguvu imerudi. Mgongo bado upo, na nikilegeza bomba la namba tatu unapotea.

Fundi Pampu Nyakato

Hizo namba ni nzuri kwa ringi ambazo hazijakaa vizuri, zitapanda. Chomoa nozo zote nne, usipeleke moja, zipimwe presha ya kufungukia na mwagiko wake. Ya tatu nahisi inadondosha badala ya kumwaga ukungu. Ukirudisha weka washa mpya chini ya kila nozo, za zamani usizirudie. Baada ya hapo pima tapeti (nafasi za valvu) injini ikiwa ya baridi, za kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, za kutoa 0.40 hadi 0.50. Mzigo wa Lamadi anza na nusu, na oili ya kwanza uimwage mapema pamoja na filta yake.

Msafirishaji Buhongwa

Nozo nazipeleka kesho asubuhi. Mdogo wangu ameshaanza kuzifungua.