Tupeane uzoefu: Tabora – Katavi – Kigoma kwa gari, mwezi gani unafaa?

Mzawa wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Likizo naweza kuchukua Juni au Desemba. Nataka nitoke Tabora kwa gari, nipite Sikonge na Koga hadi Mpanda, nizunguke Hifadhi ya Katavi, halafu nikatokee Uvinza niingie Kigoma. Mahale pia, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, nataka kuifika. Mama watoto anang'ang'ania Desemba, tukale sikukuu kwao Ujiji. Mliopita huko, leteni uzoefu.

Mama Dagaa
Desemba? Beba chepe.

Utingo Mstaafu
Umenikumbusha mbali. Enzi hizo lami hakuna, na pale Malagarasi Daraja la Kikwete halijajengwa. Mwezi wa tatu, tunampeleka bwana harusi Ujiji na Noah mbili. Kaliua tumepita tunaimba. Nguruka tumeiacha nyuma kidogo, mvua ikashuka. Ule udongo wa mbuga mnaujua: kiangazi una nyufa za kuingia mguu mzima, ukilowa unashika tairi mpaka haizunguki. Noah ya mbele ikakalia tumbo. Tumekata matawi, wapi! Mzee mmoja akasema tandikeni mikeka. Mikeka yenyewe ni ya zawadi, ya bibi harusi! Tairi likaumeza mmoja, likautema nyuma, ukampata mshenga usoni. Bwana harusi kavua koti, kakunja suruali ya suti, anasukuma. Dereva kakanyaga mafuta, tope lote likaishia kifuani kwake. Giza likaingia, mtandao hakuna, tukalala humo humo na mbu. Asubuhi kaja mwenye trekta. Akataja bei kwanza, salamu baadaye. Tunafika Ujiji, mashangazi wameshafunga mlango. Maelezo hawataki, wanataka faini.

Bint Mwanga
Ndoa ilifungwa lakini?

Mtoto wa Kaliua
Na mimi nasubiri hapo hapo.

Mzawa wa Isevya
Jamani, niliuliza mwezi.

Fundi Difu
Mtoa mada, usitishwe na hadithi za kale. Tabora–Mpanda siku hizi ni lami. Nimeipita Februari na gari ya chini, bila shida.

Utingo Mstaafu
Lami inaingia hifadhini? Njia za ndani ya Katavi ni udongo ule ule. Ingia Februari na hiyo gari yako ya chini, viboko wakusaidie kusukuma.

Fundi Difu
Nimesema hifadhini mimi? Soma kwanza, mzee.

Bint Mwanga
Mzee Utingo, achana naye. Ndoa!

Utingo Mstaafu
Ilifungwa, binti. Mbuzi wawili wa faini, na bwana harusi kaoa na suti ya kuazima, mikono inaishia kwenye viwiko.

Mpiga Njia
Turudi kwenye mada. Huku mvua inaanza kama Oktoba au Novemba, inakatika Aprili au Mei. Katavi ni kilomita za mraba 4,471 na sehemu kubwa ya tambarare zake hujaa maji masika. Juni njia zimekauka ila nyasi bado ndefu, unaweza kumpita simba usimwone. Subiri Septemba: mto Katuma umebaki vidimbwi, viboko wamebanana kwenye tope wanaumana, na kila mnyama anakuja hapo kunywa. Ukiniuliza mimi, mwombe bosi likizo ya Septemba. Na Mahale usiiweke kwenye mpango wa gari. Ndani hakuna barabara, unaingia kwa boti au ndege, kisha ni miguu. Kiangazi sokwe hushuka chini, huhitaji kuupanda mlima Nkungwe wote, maana ule ni mita 2,462.

Mvuvi wa Kibirizi
Sawa, ila hamjamwambia kuwa kiangazi hicho hicho upepo wa kusini unachafua ziwa. Juni hadi Agosti, ikifika mchana mawimbi si mchezo. Boti iondoke alfajiri. Nahodha akikwambia "tungoje kidogo", ngoja.

Mtoto wa Kaliua
Mimi natetea Desemba. Septemba watu wanachoma mapori, moshi mtupu, ukisimama Kigoma ng'ambo huoni kitu. Mvua ikishaosha anga, milima ya Kongo unaiona ile pale. Na Tabora maembe ya kumwaga.

Mama Dagaa
Akale maembe akiwa amekwama.

Mpiga Njia
Ndorobo, yaani mbung'o, pia msiwasahau. Wanafuata gari linalotembea, na wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Vaa kaki, funga vioo.

Fundi Difu
Ufunge vioo Septemba, joto la Katavi? Choma kinyesi cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari, wanakimbia.

Bint Mwanga
Na abiria nao wanakimbia.

Mzawa wa Isevya
Mama watoto kausoma uzi wote. Kasema yeye na watoto watapanda treni Desemba, mimi nikaonane na ndorobo Septemba.

Fundi Difu
Basi piga upepo eya klina kila jioni. Vumbi la mwezi huo linaua injini.