Yule bwana kakoroga bia yangu ya tabaka mbili. KAKOROGA, wakuu!

Mleta uzi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bwana mnayemjua wote, sina haja ya kumtaja, leo kanifanyia kitu ambacho hata adui wa ukoo hamfanyii mtu. Kachukua kijiko, kakitumbukiza kwenye glasi yangu, KAKOROGA.

Na si kijiko kingine, jamani. Kijiko kilekile nilichomiminia!

Nilianza na eli, ile bia ya rangi ya shaba, nikajaza nusu glasi, nikasubiri povu litulie. Nikapindua kijiko mgongo juu, nikakisogeza karibu kabisa na uso wa bia, nikaanza kudondosha stauti, ile bia nyeusi, juu yake. Pole pole, kama mtu anayemnywesha dawa mtoto mchanga. Pumzi nimeibana mpaka nikaona nyota. Stauti ikatambaa juu ya mgongo wa kijiko, ikatandaa, ikakaa. Chini shaba, juu usiku wa manane, katikati mstari ulionyooka kiasi kwamba seremala angeweza kuukatia mbao.

Nikageuka kuchukua leso. Sekunde tatu tu. Kugeuka tena nakuta mtu anazungusha kijiko kama anachanganya saruji! Namuuliza unafanya nini, ananijibu kwa upole kabisa: "Nilikuwa nakusaidia, ilikuwa haijachanganyika."

HAIJACHANGANYIKA!

Kutochanganyika ndiyo kazi yenyewe, wewe bwana! Wapagazi wa London karne ya 18 waliinywa bia nyeusi mpaka ikabeba jina la kazi yao, pota. Pota kali zaidi ndiyo ikaja kuitwa stauti. Mwaka 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, kikawa cheusi bila kuteketea. Watu wote hao wametoa jasho ili mimi leo nipate weusi ule juu ya shaba ile, halafu yeye anakuja na kijiko. Changu!

Siti ya Mbele

Nimewahi nafasi. Endeleeni.

Vidole Viwili

Pole sana mkuu. Namjua, namjua mpaka kikohozi chake. Mimi alinipulizia povu. Stauti iliyotiwa gesi ya naitrojeni ndiyo kwanza imemiminwa, vile viputo vidogo vinashuka pembeni mwa glasi, mimi nimetulia natazama, yeye akainama akafanya fuuuu kama chai ya moto. Povu zito lile la malai likaruka likatua kwenye shati langu. Eti alidhani linanizuia kunywa.

Mpita Njia

Mtu mzima unajaza ukurasa mzima kwa sababu ya mstari? Tumboni si inakorogeka tu?

Mleta uzi

Tumboni ni giza, hakuna anayeangalia! Glasini kuna macho, na kuna ulimi pia. Funda la kwanza unakutana na shayiri iliyokaangwa, uchungu wa kahawa, chokoleti isiyo na sukari. Ukiinamisha glasi zaidi, eli ya chini inapenya na utamu wake. Zinapishana mdomoni. Nilichoachiwa mimi kilikuwa na rangi ya dimbwi lililopitiwa na ng'ombe. Na kijiko kakiacha humohumo ndani, kimeegemea ukingo, kinanitazama.

Fundi Mizani

Hii chai. Stauti ni nyeusi, nzito, ikaeje juu ya bia nyepesi? Ingezama tu. Labda bwana wa watu alikuta imeshajichanganya.

Bi Kimea

Mwanangu, weusi si uzito. Weusi unatoka kwenye nafaka iliyokaangwa, na inawekwa kidogo tu. Kinachoamua nani akae juu ni sukari iliyobaki baada ya hamira kumaliza kula. Stauti kavu hubakiwa na sukari kidogo kuliko eli nyingi, ndiyo maana inaelea. Guinness ya bomba ina kilevi cha asilimia 4.2 tu, watu wanaiogopa rangi. Ila ukichukua stauti ya maziwa, ile yenye laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, itakuzamia mpaka chini. Hata zile kali za imperial, zilizokuwa zikisafirishwa kwenda Urusi, usijaribu kuzielesha.

Fundi Mizani

Shikamoo Bi Kimea. Nimenyamaza.

Mzee wa Pota

Kwa kuwa mmefika huko, nami nina kidonda changu. Nikiagiza pota naletewa stauti. Nikilalamika naambiwa "si ni kitu kimoja, mzee?" Kama ni kitu kimoja, kwa nini hakuna anayeagiza stauti akaletewa pota? Kila mara anayeumia ni mimi!

Vidole Viwili

Mzee wangu, kwa heshima zote, siku hizi mpaka kati ya pota na stauti haueleweki. Kila mpika bia anabandika jina analotaka.

Mzee wa Pota

Nawe umeungana nao. Sawa.

Mguu Njia

Nyie mna afadhali. Mimi niliagiza hiyo ya tabaka mbili nikiwa Ireland, nikaitaja kwa sauti: Black and Tan. Baa nzima ikanyamaza. Kumbe ndilo jina la wale askari walioletwa na Uingereza mwaka 1920 kuongezea nguvu polisi, wakachoma nyumba za watu na kuua raia. Mwenye baa akaniambia taratibu, "Hapa sema nusu kwa nusu." Nilitamani sakafu inimeze.

Mleta uzi

Pole mkuu, lakini wewe hukukorogewa. Turudi kwenye kijiko.

Mpita Njia

Mimi stauti natia kola. Inateremka vizuri kuliko hizo hesabu zenu.

Vidole Viwili

KOLA?

Mzee wa Pota

Huyu afungiwe. Nani msimamizi wa jukwaa?

Mleta uzi

Jamani, kijiko kilekile...

Fundi Mizani

Bi Kimea, kola ingekaa juu au chini?

Bi Kimea

Chini, mwanangu. Ile ni sukari tupu. Tanguliza kola, stauti ije juu kwa mgongo wa kijiko.

Fundi Mizani

Nimejaribu sasa hivi. Imekaa! Mstari huo hapo, umenyooka.

Mzee wa Pota

Na pota je, itakaa?